Mbunge Aliyesusiwa Mwaloni

Haya nawaandikia ninyi mnaokalia sasa kile kiti changu cha plastiki chenye mguu ulioungwa kwa waya. Wengine wasome wakipenda. Nimeacha ukatibu wa mbunge baada ya kuwatumikia wabunge watatu, nimerudi kwetu Runzewe kulima, na bado kila nikienda sokoni kuna mtu ananisimamisha: "Mama Minza, Mheshimiwa anasemaje kuhusu hili?" Nikimwambia sijui, nimestaafu, anacheka na kunisubiri nijibu. Mambo ya vyeo na posho sitayagusa. Yaliyokuwepo yalikuwepo, na yasiyokuwepo mtayagundua wenyewe mwisho wa mwezi.

Katibu wa mbunge ni mtu anayebaki jimboni wakati mwenye kazi yuko Dodoma. Mwananchi akikuta mlango uko wazi, kwake huo ndio ubunge. Wewe ndiye utakayesalimiwa, utakayelaumiwa, na utakayeletewa jogoo wa shukrani kwa jambo ambalo hukulifanya. Jogoo mpokee. Ukimkataa umemtukana aliyemleta, na kesho yake hutapata habari yoyote kutoka kijiji kile.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Ofisi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba iliyowahi kuwa duka la pembejeo, na kuta zilikuwa bado zinanuka dawa ya pamba. Katibu niliyempokea, Mzee Nkwabi, alikubali kubaki nami kwa muda anifundishe. Akaingia mfugaji mmoja mzee, tukasalimiana, akakaa, akaniuliza: "Mbunge anasemaje kuhusu Burundi?" Mimi nilikuwa nimesoma magazeti ya wiki nzima kwa ajili ya swali kama hilo. Nikajipanga, nikamweleza ujirani mwema, jumuiya yetu ya kikanda, misingi ya kuheshimiana. Mzee wa watu akanitazama mpaka nikamaliza, kisha akamgeukia Mzee Nkwabi akamuuliza kwa Kisukuma kama huyu binti ni mzima.

Kumbe alikuwa ameibiwa ng'ombe, na kijijini kwake wanasema kila ng'ombe anayepotea amevushwa Burundi. Mzee Nkwabi alimuuliza rangi zao, alama zao, na nani aliyesikia yowe la kwanza, akapiga simu huku na huku. Ng'ombe walikutwa upande wa Biharamulo, hawakuwa na safari yoyote ya nje ya nchi. Mzee alipoondoka, mwalimu wangu aliniambia, "Mama Minza, hapa kwetu mambo ya nje yana kwato. Na vua hivyo viatu."

Kazi yenyewe alinifundisha kwa namna moja tu, na ndiyo ninayotaka muishike. Alisema msimamo wowote wa Mheshimiwa, uwe wa ulinzi, wa biashara au wa nchi jirani, usiuache uende bungeni kabla hujausomea wale utakaowaangukia. Hukusanyi saini wala huitishi mkutano. Unatia karatasi mfukoni, unakwenda walipo, unasoma kwa sauti, unaangalia nyuso. "Wakibisha, kaa uandike. Wakicheka, rudi ukarekebishe. Wakinyamaza," akasema, "kimbia."

Mbunge wangu wa kwanza, mwalimu wa zamani, aliipenda njia hiyo kwa sababu alikuwa amezoea kusahihishwa madaftari na wenzake. Wakati mmoja dhahabu ilionekana kwenye shamba la mihogo, watu wakamiminika kama kawaida yao, na baada ya muda mfupi tukaanza kusikia habari za mapanga. Mheshimiwa akaandaa mchango wa kuomba kituo cha polisi. Nikaupeleka machimboni, nikausoma karibu na karasha, ule mtambo wa kusagia mawe, ambao kelele zake zinakufanya usome kama unamgombeza mtu. Wachimbaji walicheka. Mmoja aliyekuwa ametapakaa vumbi mpaka kwenye kope akaniambia, "Mama, polisi waje, karibuni. Ila waje na daktari. Huku duara linatuvunja kuliko mwizi." Duara ni lile shimo lao la kuchimbia. Mheshimiwa akaomba kituo na zahanati kwa pamoja, na maneno ya duara akayatumia kama yalivyo.

Vivyo hivyo kwenye biashara. Msimamo wake ulikuwa kwamba dhahabu yote iuzwe kwenye soko rasmi, isipite vichochoroni. Msimamo mzuri kabisa. Nikausoma kwa madalali wa dhahabu kwenye kibanda cha supu, wakaitikia kwa vichwa, mpaka mmoja akauliza, "Soko liko mjini, mzigo uko porini, na katikati kuna pori la watu wenye mapanga. Huyo atakayeufikisha sokoni ni malaika?" Basi hotuba ya biashara ikawa hotuba ya ulinzi wa barabara. Tangu siku ile sikuwahi tena kuyatenganisha hayo mawili, na ninyi msijaribu.

Sasa nakuja kwa mbunge wangu wa pili, ambaye ndiye sababu hasa ya kushika kalamu.

Huyu alikuwa kijana, msomi, msafi, msemaji. Wananchi walimwita Ng'wana Holo, yaani mtoto wa Holo, kwa sababu mama yake, Mayu Holo, alikuwa mtu wa mwaloni Nyakasenge, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga na dagaa kuuzwa, na kila mtu anamjua. Mwenyewe alikuwa ametoka kijijini mdogo akaenda shule za bweni, halafu chuo, halafu mjini. Kisukuma alikisikia, kukisema ilikuwa shida. Dodoma walimweka kwenye kamati inayoshughulika na mambo ya nje, ulinzi na usalama, na alistahili. Alikuwa anasoma kweli kweli. Tatizo lake moja: karatasi zake alikuwa hanipi. "Mama Minza," aliniambia kwa heshima zote, "haya ni mambo ya usalama wa taifa. Siyo ya kuulizia mwaloni."

Nikamwambia, "Mwanangu, mwaloni nako ni taifa." Akacheka, akaniambia nina maneno.

Yakatokea mambo ya ziwani. Wavuvi wetu waliporwa mashine za mitumbwi, zile injini za nyuma, zaidi ya mara moja, na kijana mmoja akajeruhiwa vibaya. Watu walikuwa na hasira na Mheshimiwa alikuwa na hasira kuliko wote, jambo ambalo simlaumu. Lakini akasimama bungeni akasema wezi wanajificha nyuma ya wageni. Kwamba mwaloni kumejaa watu wa nchi jirani wasio na karatasi. Kwamba waondoke wote, magari yao yaishie mpakani, na mwenye kutaka dagaa wetu aje awasubiri huko huko. Wenzake waligonga meza. Kipande kile cha video kilisambaa kwenye simu mpaka mimi nilitumiwa na mjukuu wangu aliye Shinyanga.

Angalieni hili vizuri, maana ndipo kazi yenu ilipo. Hakuna amri iliyotoka. Hakuna sheria iliyobadilika. Ilikuwa hotuba tu. Ila wanunuzi wa Kikongo na Kirundi waliokuwa Nyakasenge waliiona kwenye simu zao kama sisi tulivyoiona, wakasema hawangoji kukamatwa, wakapakia virago. Wiki haikuisha mwalo ukabaki na wenyeji na kunguru.

Na dagaa hawajui siasa. Vyombo viliendelea kuwaleta alfajiri, akina mama wakaendelea kuwaanika kwenye chanja, na hakukuwa na wa kuwanunua. Kisha mvua ikaanza. Dagaa akinyeshewa mara moja, harufu inabadilika. Akinyeshewa tena, hata wewe mwenyewe uliyemwanika humtaki. Dagaa waliokuwa wa kuliwa na watu Goma wakageuka chakula cha kuku.

Aliyeumia kuliko wote ni Mama Doto, kiongozi wa kikundi cha akina mama waanika dagaa, mjane, mwanamke wa maneno machache na mabega mapana. Msimu ule alikuwa amewekeza kila alichonacho kwenye mzigo mmoja kwa sababu mnunuzi wake, Mama Furaha wa kule Kongo, alikuwa amemwahidi kuuchukua wote. Walikuwa wamefanya biashara tangu mabinti zao wananyonya mpaka mabinti wanaolewa. Mama Furaha akija alilala kwa Mama Doto, akala kwa Mama Doto, na mtoto wa mwisho wa Mama Doto alibebwa kanisani na huyo huyo Mkongo, ndiye mama yake wa ubatizo. Sasa Mama Furaha hakuwa akipokea simu ya Tanzania. Mama Doto alikuja ofisini, akakaa, akaniambia, "Mama Minza, mzigo huu ukioza, mimi nimekwisha. Sina pa kuanzia tena. Mwambie aje atusikilize."

Nilimpigia Mheshimiwa. Nikampigia tena. Alikuwa anaandaa mchango wa pili, mkubwa zaidi, wa kuitaka kamati ipendekeze yale aliyoyasema yawe utaratibu rasmi. Aliniambia, "Watulie. Maumivu ni ya muda tu. Nitakuja Ijumaa nifanye mkutano wa hadhara, niwaelimishe."

Niwaelimishe! Nikakata simu nikajisemea, Yesu na Maria, huyu mtoto.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Mama Doto, alipotoka kwangu, alikwenda kwa ntemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa kijiji. Mnajua sheria yao: likipigwa yowe, kila mtu anatoka. Asiyetoka anasusiwa. Hasalimiwi, hauziwi chumvi, hapewi moto wala maji, mpaka aulize kosa lake, akubali, na awalishe watu. Na atakayemsalimia kabla ya hapo naye anasusiwa. Mama Doto akamwambia ntemi, tulipiga yowe kwa simu, tukapiga tena, hakuja. Je, mbunge anasusika? Ntemi, nilivyosimuliwa, alifikiri kidogo akauliza, "Ni mtoto wa kijiji hiki?" Akajibiwa ndiyo. "Basi anasusika."

Ijumaa ikafika, tukaenda. Watu walikuwa wamejaa, sijawahi kuona mkutano umejaa vile bila ngoma na bila fulana za bure. Akina mama wamekaa mchangani, wanaume juu ya mitumbwi iliyofunikwa. Mheshimiwa akashuka kwenye gari, akanyoosha mikono: "Shikamooni wazee wangu!"

Kimya.

"Habari za Nyakasenge?"

Kimya. Hakuna aliyemletea kiti. Shija, dereva wetu, alimwomba mama ntilie chai ya Mheshimiwa, akajibiwa imekwisha, na birika liko pale linatoa mvuke. Lakini mimi nilisalimiwa vizuri tu, na Shija alipewa chai yake na chapati. Hapo nikaelewa.

Mheshimiwa akahutubia. Alihutubia vizuri, nampa haki yake: mipaka, ulinzi, kujitegemea, bei ya haki. Alisimama mahali pa kupigiwa makofi, makofi hayakuja, akaendelea. Alipouliza kama kuna swali, hakuna aliyeinua mkono. Akawashukuru, akawapungia, tukaingia kwenye gari.

"Mama Minza," akasema huku anajifuta jasho, uso umemng'aa, "umeiona nidhamu ile? Watu wamesikiliza mpaka mwisho. Hata mtoto hakukohoa."

Shija akanitazama kwenye kioo. Hakuna mtu mwingine aliyekulia kanda ile ambaye angekosea hivyo, ila huyu waliyempeleka bweni akiwa bado mdogo.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "umesusiwa."

"Nani? Mimi?" Akacheka. "Na nani?"

"Na wote."

"Mama, wewe umezoea watu wa kelele. Wale wamenielewa."

Sikubishana. Nikamwambia Shija, "Pitia kwa Mayu Holo. Mheshimiwa ana njaa."

Nyumba ya mama yake ilikuwa juu kidogo ya mwalo, unafika hata gari halijapata moto. Mayu Holo alikuwa uani anapeta mchele. Alituona, akaweka ungo chini. "Mwadila, Mama Minza." Nikamwitikia. "Shija baba, hujambo, karibuni." Akaleta vigoda viwili. Tulikuwa watatu.

"Shikamoo mama," akasema Mheshimiwa.

Mama yake akaingia jikoni. Akatoka na ugali na sato wa kuchoma, akaweka mbele yangu na Shija. Akaleta maji ya kunawa, akaninawisha mimi, akamnawisha Shija. Mheshimiwa alikuwa amekwisha kuinyoosha mikono yake. Mayu Holo akainua birika, akaliweka kando.

"Mama," akasema. "Mama, ni mimi."

Mwanamke yule akanitazama mimi, siyo yeye. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Mama Minza, huyo mtu uliyekuja naye, mwambie na mimi nina dagaa wangu kule kwenye chanja. Mwambie mimi ni mwanakikundi kama wengine. Nikimsalimia mimi, nani atamfanya aulize kosa lake?" Akarudi kwenye ungo wake.

Mimi nina watoto. Nawaambia kweli, tonge lile nililirudisha sahanini. Mheshimiwa alibaki amesimama na mikono yake mikavu mbele ya mama yake mzazi, na nilimwona umri unamshuka mpaka akawa yule mtoto aliyeondoka na sanduku la bati kwenda shule. Nilimhurumia sana. Nikajizuia nisimguse.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nifanye nini?"

"Uulize kosa lako. Kwa unyenyekevu. Na huruhusiwi kuwauliza wao, utaniambia mimi, nisiye wa kijiji hiki."

Tukashuka tena mwaloni, kwa miguu. Watu walikuwa hawajaondoka, walijua atarudi. Mheshimiwa akakaa mchangani na suti yake, Mama Doto akakaa mbele yake, hatua chache tu, na mimi katikati kama balozi. Nimesoma habari za mabalozi wanaopeleka ujumbe kati ya nchi na nchi. Sidhani kama kuna aliyewahi kuupeleka kwa umbali mfupi vile.

"Waulize nimekosa nini," akasema.

Nikawauliza, ingawa walikuwa wamemsikia.

"Mwambie," akasema Mama Doto, "wezi wa mashine tunawafahamu. Ni wa hapa hapa. Mmoja ni mpwa wangu, na nilimtaja mimi mwenyewe polisi kabla yeye hajasimama bungeni kupiga makelele. Mkongo wa watu kuogelea tu hajui, ataiba mashine katikati ya ziwa?"

Watu wakacheka. Mheshimiwa naye alitaka kucheka, akajizuia.

"Waulize," akasema, na hapa nilimheshimu, maana hakuinama tu ili mambo yaishe, "mtu asiye na karatasi nitajuaje kuwa ni mwema? Waulize kama akija muuaji na mfuko wa kununulia dagaa, nani atamtambua. Kijana aliyejeruhiwa naye ni wa hapa."

Mama Doto akajifunga khanga upya. Swali lilikuwa swali. "Mwambie, Mama Furaha analala kwangu. Akiharibu, nishikwe mimi. Kila mnunuzi awe na mwenyeji wake wa kumdhamini. Asiye na mwenyeji, aende."

"Waulize, na karatasi?"

"Mwambie karatasi tunazitaka. Ziletwe hapa. Mama wa watu atoke Goma, akapange foleni mjini, arudi, dagaa wameshaota ukungu? Ofisa aje siku za soko, amwandike mbele ya mwenyeji wake."

"Waulize, na ziwa?"

Mvuvi mmoja kutoka juu ya mtumbwi hakusubiri tafsiri. "Boti ya doria! Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunaiomba tangu zamani, yeye akatuletea mpaka!"

Wakaenda hivyo mpaka jua likawa limepoa. Alikubali lile la wenyeji, alikataa kwamba mnunuzi wa mara ya kwanza aachwe hivi hivi bila kukaguliwa, na Mama Doto baada ya kubisha akakubali naye. Kilichobaki kikawa msimamo uliopimwa na wale utakaowaangukia. Kisha ntemi akatoa hukumu: dume moja la ng'ombe, mchele wa kutosha, na ugali ausonge yeye mwenyewe.

Kesho yake mbunge wa jimbo letu alikunja mikono ya shati akasonga ugali kwenye sufuria ambalo mtoto angeweza kuoga ndani. Moshi ulimliza. Mayu Holo alisimama pembeni, mikono kiunoni, akitazama, akivumilia, mpaka uvumilivu ukamwisha. "Geuza mwiko, wewe! Unaacha mabonge." Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia mwanaye, na kijana akageuza mwiko huku analia na kucheka, akisingizia moshi. Tukala. Mama Doto alipomaliza akanawa, akamsalimia kwa mara ya kwanza, akamwambia, "Tumekula kwa ahadi tu. Dodoma ndiko kwenyewe."

Siku alipopangiwa kuzungumza tulikusanyika kwenye kibanda cha mama ntilie, redio ikiwa imewekwa juu ya ndoo ili isikike. Dagaa wa Mama Doto walikuwa chini ya turubai. Nusu alikuwa ameipoteza. Nusu ilikuwa bado ya kuliwa na mtu, kama mnunuzi angekuja mapema. Mheshimiwa akaanza na boti ya doria. Akafika kwa wenyeji na wanunuzi, na mbunge mwingine akasimama kumpa taarifa: je, msemaji ni yule yule aliyetaka wageni wote waondoke mwaloni? Ukumbi ukacheka. Sisi hatukucheka. Mama Doto alikuwa ameushika mkono wangu, anauminya mpaka pete inaniumiza.

"Ni mimi yule yule," akasema. "Nilisema kabla ya kuwauliza wenye mwalo. Nimewauliza. Maneno yale nayafuta, na haya ndiyo niliyotumwa." Akaendelea kusoma, polepole, kipengele kwa kipengele, na sauti haikumtetemeka.

Vigelegele vilivyopigwa Nyakasenge siku ile nadhani hata mwalo wa Nkome walivisikia. Mayu Holo alipiga kile cha kwanza.

Lakini hotuba iliyofukuza watu haiwarudishi peke yake. Mama Doto akalijua hilo kabla yetu. Mheshimiwa aliporudi, alimkuta anamsubiri mlangoni kwangu ofisini na simu ya mtoto wake yenye namba ya Kongo, ambayo Mama Furaha angeipokea. "Ulimfukuza kwa mdomo wako. Mwite kwa mdomo wako." Mheshimiwa akapiga. Ikaita muda mrefu, ikapokelewa.

"Mama Furaha, ni mimi mbunge wa Nyakasenge."

"Weye?" sauti ikasema. "Unaniita ju ya nini? Unataka kunifunga?"

"Nakuomba radhi, mama. Nakuomba urudi. Mwenyeji wako yupo hapa, amekudhamini, na mimi nimekudhamini."

Kisha tukasikia, "Mupe Mama Doto." Mama Doto akaichukua simu, akasikiliza, akasema maneno mawili tu: "Wameoza nusu." Kisha akalia, mwanamke yule wa mabega mapana, pale pale kwenye kiti changu, na Mheshimiwa akatoka nje.

Mama Furaha alikuja siku ya soko, ndani ya lori lililochafuka tope mpaka juu, na ofisa wa karatasi alikuwepo mwaloni kama ilivyoahidiwa. Nilidhani watakumbatiana. Thubutu! Mama Furaha alishuka, akafunua turubai, akachota dagaa, akanusa, akakunja uso akaanza kuwatia ila. Mama Doto naye akamjibu kwamba Goma siku hizi hawajui dagaa mzuri. Na wakagombana bei hivyo kwa raha zao mpaka mzigo wote uliofaa ukapandishwa kwenye lori. Nilisimama pale nikitazama gunia baada ya gunia, moyo wangu mweupe.

Mzigo ulipokwisha, Mama Furaha akamwona Mheshimiwa anakuja huku anasalimiana na wavuvi. Akasonya, akauliza kwa sauti ya kusikika, "Ndiye huyu kijinga alitufukuza?"

Mama Doto akaacha kufunga kamba. "Mseme taratibu," akamwambia. "Huyo ni mtoto wetu."